Dunia Kubwa Kuliko ya Ng'ambo ya Barabara

Siku kampuni ilipochukua kipimo, dada mtu alikuwa msalani akipaka wanja. Alikuwa ameamka mapema, akapiga pasi gauni la buluu, akavaa vile viatu vya kubana ambavyo huvitoa kwa ajili ya harusi tu, na akaingia ofisini akinukia marashi mpaka fundi wa mvua akapiga chafya.

Kampuni hiyo ilitengeneza michezo ya kompyuta, ile ambayo mchezaji hukaa kwenye kochi lake na kumtembeza mtu katika nchi isiyokuwepo. Fundi wa mvua alitengeneza mvua na mawingu, fundi wa milima alitengeneza milima, na dada mtu alitengeneza milango. Alitengeneza pia viti, vikombe, ngazi na makabati, yaani kila kitu cha kushikwa au kukaliwa na binadamu, lakini milango ndiyo iliyokuwa roho yake. Wenzake walimwita Mama Milango, ingawa hakuwa na mtoto.

Ili milango isiwe mifupi kuliko watu wala vikombe visiwe vikubwa kuliko vichwa, watu wa kazi hii huwa na kipimo. Ni umbo la mtu wa kijivu, hana uso, kanyoosha mikono pembeni. Husimamishwa kwenye skrini kando ya kila kitu kinachotengenezwa, na ukubwa wa kila kitu hupimwa kwalo. Umbo hilo huchukuliwa kwa mtu halisi, anayesimama katikati ya duara la kamera. Mkurugenzi alikuwa ametangaza mbele ya wote kwamba safari hii atasimama Mama Milango, kwa kuwa ni mfanyakazi wa siku nyingi na umbo lake ni la wastani. Dada mtu hakulipenda neno wastani, lakini kuitwa alikupenda sana.

Alipotoka msalani alimkuta mdogo wake, wa kuzaliwa tumbo moja, yuko ndani ya duara. Amevaa kandambili na kanga ya kushindia nyumbani. Alikuwa amekuja kumletea funguo alizozisahau mezani, na fundi wa kamera, aliyekuwa na haraka zake, alipomwona mwanamke amesimama karibu alimwambia aingie na anyooshe mikono.

"Dada, funguo zako hizi hapa," mdogo mtu alisema, mikono imenyooka, funguo zikining'inia kidoleni.

Picha zilikuwa zimeshapigwa. Mkurugenzi alisema kurudia ni kupoteza muda, na isitoshe binti yule alisimama vizuri. Hivyo ndivyo mdogo mtu alivyopata kazi akiwa na kandambili miguuni, na dada mtu akarudi mezani kwake na wanja wake machoni. Alijiambia kwamba hana kinyongo. Alikuwa nacho, tena kilimkaa kooni siku nzima kama kidonge kilichomezwa bila maji.

Mkurugenzi naye alikuwa na lake. Dirisha la ofisi yake lilitazamana na kampuni nyingine ya michezo, ng'ambo ya barabara, na ukutani kwao kulikuwa na bango lililoandikwa: DUNIA YETU INATEMBEWA KUTWA NZIMA. Dunia yake yeye, hata baada ya fundi wa milima kuongeza safu nzima upande wa kaskazini, mtu aliivuka kutoka ukingo hadi ukingo ndani ya mapumziko ya chakula cha mchana, na akabakiwa na muda wa kunawa. Kila asubuhi mkurugenzi alifunga pazia asilione bango lile. Baada ya muda kidogo alifungua pazia tena, akalisoma bango.

Kuongeza nchi ni kazi ya miaka. Kila jiwe linatakiwa liwekwe, kila mto upewe mahali pa kwenda. Fundi wa milima, ambaye hapendi kujichosha, ndiye aliyeleta njia ya mkato kikaoni.

"Bosi, kwani lazima tukuze nchi?" alisema. "Tumpunguze mtu. Miguu ikiwa mifupi, safari inakuwa ndefu. Nani atajua?"

Wote walikubali kwamba hiyo ndiyo akili. Kipimo kilipunguzwa mchana uleule. Milima ikapanda, mabonde yakashuka, na kijito ambacho watu walikiruka kikawa mto wa kutafutiwa daraja. Jioni, mdogo mtu alipoinuka kwenda nyumbani, viatu vilimpwaya na mkono wa gauni ukafunika vidole. Fundi wa mvua alimwambia akunje, akakunja, wakapanda basi.

Mama yao alikuwa fundi cherehani, na macho yake yalikwisha kuzoea kupima kila anayepita mlangoni. Alimtazama mwanawe mdogo, akavuta utepe wa kupimia uliokuwa shingoni.

"Umepungua."

"Wamenipunguza kazini, Mama."

"Basi vua hilo gauni nilitie pini, chakula kisije kikapoa."

Dada mtu alisimama pale pale na mkoba wake begani, akingoja mama amuulize na yeye kazini kulikuwaje. Alikuwa amekutwa na mengi. Kipimo kinapopungua, kila mlango uliopo duniani unatakiwa upunguzwe, na bawaba zake, na kitasa, na ufunguo, na kiti kilicho nyuma ya mlango huo. Mikono yake ilikuwa inamuuma mpaka viwiko. Lakini mama alikuwa na pini mdomoni.

Kampuni ya ng'ambo ilibadilisha bango, ikaandika: SIKU KADHAA. Kipimo kikapunguzwa. Bango likabadilika tena, kikapunguzwa tena. Mdogo mtu akawa kimo cha mtoto wa shule, kisha cha chupa ya soda. Alikuwa mchangamfu, na udogo ulimzidishia bashasha. Waandishi wa habari walikuja kumpiga picha amekaa juu ya kibodi, miguu ikibembea. Mkurugenzi alizoea kumbeba kwenye kiganja akipita naye meza kwa meza. "Huyu," alisema, "ndiye ukubwa wetu." Watu walipiga makofi polepole, kwa sababu sauti kubwa zilikuwa zimeanza kumuumiza masikio.

Wivu ulimla dada mtu hadi mashavu yakamwingia ndani. Hakuwa mtu mbaya. Aliwahi kumbeba mdogo wake mgongoni, akamfundisha kusoma, akampigania shuleni. Lakini kila alipomwona kwenye kile kiganja alikumbuka kwamba kiganja kile kilikuwa chake, kwamba laiti asingejipodoa siku ile, yeye ndiye angekuwa anabebwa. Akaanza kula kidogo. Akaanza kutembea ameinamisha mabega. Mchana mmoja, mama alipokwenda sokoni, aliuchukua ule utepe akajipima mwenyewe mbele ya kioo, mara mbili, na hakuwa amepungua hata upana wa uzi. Alikuwa wa wastani kama siku zote.

Kilichomkata maini zaidi kilikuwa kile kitambaa cha hariri ya kijani. Mama alikuwa amekihifadhi sandukuni kwa ajili yake tangu alipoanza kazi, akisema atamshonea gauni siku atakayopandishwa cheo. Siku moja dada mtu alirudi akamkuta mdogo wake juu ya cherehani, amevaa gauni la hariri ya kijani, lenye marinda, refu kama kidole cha kati.

"Mama, hicho si kitambaa changu?"

"Bado chako, mwanangu. Nimechukua kipande kidogo tu. Kwa udogo ule, anahitaji kiasi gani?"

Mama alikionyesha kitambaa. Alikuwa amekikata katikati kabisa, mahali ambapo hariri ilikuwa haina kasoro, na sasa hakikufaa hata kwa shela. Dada mtu alikikunja akakirudisha sandukuni, kisha akaingia chumbani akafunga mlango.

Chumba hicho walilala wote wawili. Baada ya muda alisikia mtu anagonga chini, karibu na sakafu, kama panya anayeguguna kokwa.

"Dada. Dada, nifungulie. Kitasa sikifikii."

Dada mtu alikuwa ameketi kitandani akifumua nywele. Alizifumua zote. Akazichana, akazipaka mafuta, akazisuka upya, mistari imenyooka. Ndipo alipoinuka akafungua, na mdogo wake akaingia akaanza kupanda kitandani kwa kushika ukingo wa shuka ulioning'inia, bila kumlaumu. Dada mtu alitamani alaumiwe.

Ikafika wakati ambapo ng'ambo waliandika: MWEZI MZIMA. Mkurugenzi alikaa na pazia wazi siku nzima asile kitu, kisha akaitisha kikao cha watu wote.

Kipimo kilikuwa tayari kimefika udogo wa punje ya mchele. Mdogo mtu alikuwa anakwenda kazini ndani ya kisanduku cha kiberiti, mama akiwa amekitandika pamba, na dada mtu ndiye aliyekibeba kwenye mfuko wa blauzi, kwa sababu ndani ya mkoba kulikuwa na joto. Asubuhi ya kikao, njiani, alisikia kidole kikigonga kisanduku kutoka ndani. Alikitoa akakiweka karibu na sikio.

"Dada, leo usikubali," mdogo mtu alisema. Ilibidi dada mtu asimame kando ya ukuta na kuziba sikio la pili ili amsikie. "Waambie milango imegoma. Nikipungua tena hutanisikia. Hata Mama hatanisikia."

"Kwani wananiuliza mimi?" dada mtu alisema. "Mimi siulizwi kitu."

"Lazima wakuulize. Ndiyo utaratibu."

Ulikuwa utaratibu kweli. Kipimo hakibadilishwi mpaka mtu wa milango athibitishe kwamba mtu mpya atapita mlangoni na kukaa kitini. Mara zote zilizopita fundi wa milima alikuwa anapita nyuma ya kiti chake na kuuliza, "Iko sawa?" naye anasema, "Iko sawa," huku macho yake yako kazini. Huko hakukuwa kuulizwa.

"Dada, niahidi."

"Tutaona," dada mtu alisema, akakifunga kisanduku.

Kikaoni watu walijaa mpaka wengine wakakaa kwenye madirisha. Kisanduku kiliwekwa katikati ya meza kubwa, wazi, kando ya kipaza sauti. Mkurugenzi alieleza kwamba safari hii wataipita ng'ambo kwa mbali, kwamba watakuwa na dunia ambayo mchezaji ataanza kuivuka akiwa kijana na kuimaliza akiwa mzee, akipenda. Fundi wa milima alisema milima iko tayari. Fundi wa mvua alisema mvua haina shida, mvua inamnyeshea yeyote. Kisha mkurugenzi akageuza kiti chake.

"Sasa tatizo ni moja," alisema. "Nimeambiwa kwamba kwa udogo huo kitasa hakitakuwa na umbo. Kitakuwa nukta. Na mlango usio na kitasa ni ukuta. Kwa hiyo dunia nzima iko mikononi mwa mtu mmoja. Mama Milango, wewe ndiye wa kusema. Milango itaweza?"

Viti vyote viligeuka. Dada mtu hakuwahi kutazamwa na watu wengi kiasi hicho tangu azaliwe. Fundi wa kamera alikuwepo, yule mwenye haraka, na safari hii alikuwa ametulia tuli akimngojea yeye.

Aliinuka. Alianza na bawaba, jinsi anavyozichora kwa mkunjo mmoja badala ya mitatu ili zisipotee. Akaeleza kuhusu komeo, na kuhusu mbao, kwamba mbao ikiwa ndogo mno mistari yake lazima iwe mikubwa kuliko ilivyo, la sivyo itaonekana bati. Akafika kwenye kitasa. Alikuwa amekifikiria kitasa hicho kwa miezi, peke yake, kwa kujifurahisha tu, na alijua dawa yake. Hakuna mwingine aliyeijua. Aliichora ubaoni, na fundi wa milima mwenyewe akasema, "Aisee."

Kutoka mezani kulisikika kitu, chembamba kama mbu. Kipaza sauti kilikuwa kimeelekezwa kwa mkurugenzi.

Dada mtu alikisikia. Alijua ni nani na anasema nini. Alijua pia kwamba akisema milango haiwezi, watu hawa wote watageuza viti vyao, na kitakachokumbukwa juu yake ni kwamba siku alipoulizwa, alishindwa. Isitoshe ingekuwa uongo. Moyo wake ulimdunda kwa huruma na kwa raha, vyote kwa pamoja, na raha ilikuwa mbele.

"Milango yangu inaweza," alisema.

Makofi ya siku hiyo hayakupigwa polepole. Pamba ilitikisika ndani ya kisanduku. Mchana kipimo kilipunguzwa, na jioni dada mtu alikibeba kisanduku nyumbani kwenye mfuko wa blauzi, uzito wake ukiwa ni wa kisanduku tu. Alikigonga njiani. Aliweka sikio, akaziba la pili. Alisema, "Nisamehe, mdogo wangu," akangoja, kisha basi likaja.

Mama alikifungua kisanduku juu ya meza ya cherehani, akawasha taa, akainama muda mrefu.

"Wamempunguza sana," alisema. Akaenda kutafuta sindano nyembamba kuliko zote alizokuwa nazo.

Mchezo ulitoka, na watu waliununua kama mkate. Waliandika kwamba hawajapata kuona dunia kubwa namna ile, kwamba walitembea tangu asubuhi hadi macho yakawauma na ule mlima wa mbele haukusogea. Wapo waliochoka wakaacha, lakini hata hao walijisifu kwamba wamechokea humo. Gazeti moja liliandika aya nzima juu ya milango. Lilisema katika ukubwa wote ule wa kutisha, kitu kinachomfanya mtu ajione binadamu ni namna kitasa kinavyozunguka. Dada mtu alilikata lile gazeti kwa mkasi wa mama. Alilisoma hadi karatasi ikalegea.

Mkurugenzi alimpandisha cheo akawa msimamizi wa dunia nzima, milima na mvua ikiwa chini yake, akapewa ofisi yenye dirisha. Dirisha lilitazamana na ng'ambo. Huko, kwenye ghorofa iliyolingana na yake, mwanamke mmoja alikuwa amesimama na kisanduku kidogo kifuani, amekishika kwa mikono miwili. Walitazamana, wakasalimiana kwa kichwa, na kila mmoja akarudi kwenye kazi yake. Chini yao watu wawili walikuwa juu ya ngazi, wanabandika bango jipya. Kabla hawajashuka, mkurugenzi aligonga mlango wa dada mtu akauliza kama kipimo hakiwezi kusogezwa chini kidogo tena, kidogo tu. Dada mtu alisema ataangalia bawaba.

Jioni hiyo alikwenda nyumbani kwa miguu, makusudi, ili aipange habari yake vizuri. Aanze na cheo au aanze na gazeti? Aliamua kuanza na cheo. Alijua pia uso ambao mama angeufanya, ule wa kukunja midomo ili asitabasamu haraka, kwa kuwa alikuwa ameuona mara nyingi ukielekezwa kwa mwingine.

Chakula kilikuwa tayari. Mama alikuwa ameketi, na mbele yake kulikuwa na kisahani cha chai kilichotandikwa kitambaa cheusi, kwa sababu juu ya kitambaa cheusi kitu kidogo huonekana upesi. Alikuwa amevaa miwani juu ya miwani. Dada mtu aliinama naye, akatazama mpaka macho yakatoka machozi, na hakuona kitu.

"Yupo?" aliuliza.

"Yupo. Amelala ubavu. Leo ameamka mara moja akapiga miayo."

Dada mtu aliketi mahali pake. Aliweka mkoba chini, akaweka kipande cha gazeti mezani, akakinyoosha kwa kiganja.

"Mama," alisema, na furaha ilimfanya aseme kwa nguvu kuliko alivyokusudia, "wamenipandisha cheo. Dunia yote wamenipa mimi niisimamie, na gazeti limeandika kwamba milango..."

Mama aliinua kidole. Macho hayakutoka kwenye kisahani.

"Taratibu, mwanangu. Utampeperusha mdogo wako."

Dada mtu alivuta sahani yake karibu, akageuzia uso ukutani ili pumzi iende huko, na akala chakula chake chote hivyo, kidogo kidogo, akimwonea wivu mtu ambaye hakuweza hata kumwona.